Mistari Tisa ya Ambrose Pellatt

Kwetu hapa London mtu akiandika kitabu, kitu cha kwanza anachofanya ni kujitukana. Sijui nani alianzisha. Nadhani ni Warumi, maana siku hizi kila jambo la ajabu wanasingiziwa Warumi. Unafungua kitabu kwenye dibaji, unamkuta mwenye kitabu analia: mimi si kitu, kazi yangu makapi matupu, niliiandika nikiwa mgonjwa, marafiki wakaninyang'anya karatasi na kuzikimbiza kwa mchapaji kabla sijapona. Kisha unarudi nyuma jani moja, unaliona jina lake limesimama pale, herufi kubwa kama lango la jiji. Na hakuna anayeshangaa. Ni kama mgeni aliyekaribishwa chakula akasema ameshiba. Mpe sahani tu, atakula.

Sasa Ambrose Pellatt alisema ameshiba, na sahani ikaondolewa.

Mimi ni Thomasin, mshona vitabu. Karatasi zikitoka kwa mchapaji zinakuja kwangu, nazikunja, nazipitisha sindano na uzi, basi. Naishi kwenye uchochoro nyuma ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, chumba cha chini. Juu yangu anaishi Mwalimu Pellatt na mkewe Sibyl, anayepiga wanga kola za waungwana. Dari yetu ni mbao nyembamba kama biskuti, kwa hiyo niliyoyasikia nimeyasikia, msiniite mmbea. Na tukimwita Mwalimu ni kwa heshima tu, darasa aliliacha zamani, akaja kufasiri vitabu. Kilatini, Kitaliano, Kifaransa, mpe chochote atakupa Kiingereza. Alikuwa na miaka hamsini na mbili ila mgongo wake ulikuwa na sabini.

Baba yake alikuwa mshona glavu kwenye mji mdogo mpakani na Wales, akajinyima akampeleka shule. Huko walifundishwa hivi: asubuhi unapewa kipande cha Kilatini cha msemaji fulani wa Roma, aliyekufa kabla ya Kristo kuzaliwa. Geuza Kiingereza. Unageuza. Kitabu kinafungwa. Saa moja ikipita unaambiwa, haya, chukua hicho Kiingereza chako, kirudishe Kilatini. Unarudisha. Kitabu kinafunguliwa tena, na kila neno lililopotea njia linalipiwa fimbo. Kile Kiingereza cha katikati hakina kazi tena. Kilikuwa daraja, na ukishavuka nani anageuka kuliangalia daraja? Karatasi zake ziliwashia moto.

Shida ya Ambrose ni kwamba alilipenda daraja. Alikaa katikati akiyapanga maneno ya Kiingereza mpaka yakae vizuri mdomoni, na wakati huo Kilatini kimeshamtoka. Kwa hiyo alichapwa kuliko hata yule mjinga wa darasa, ambaye angalau alikuwa anakariri.

Cheka, lakini hawa wote wanaotamba mjini leo walivuka daraja lile na fimbo zile. Watunga michezo, watunga mashairi ya kulilia wasichana, hata wahubiri. Ndiyo maana wakifungua mdomo unasikia sentensi inapanda ngazi, inapumzika juu, inashuka upande wa pili imebeba kikapu. Bibi yangu hakuongea hivyo hata siku moja. Bibi yangu alisema mvua inakuja, anueni nguo, akamaliza. Leo hata muuza kuku anataka sentensi yake iwe na nguzo mbili mbele kama nyumba ya Mrumi.

Basi, Ambrose akafika mpaka Cambridge, akasoma huku akiwabebea watoto wa matajiri sahani za chakula, na akatoka bila ukasisi na bila cheo. Akafundisha. Akachoka. Akaoa, akaja London, akaanza kufasiri. Vitabu tisa alivifasiri kwa miaka kumi na nane. Cha kwanza kilitoka kwa jina la bwana mmoja aliyeagiza kazi ile, ambaye Kitaliano chake kiliishia kwenye majina ya divai. Cha tatu kilitoka bila jina la mtu. Cha sita kilitoka na jina la mfasiri aliyekuwa amekufa, kwa sababu huyo alikuwa anajulikana zaidi.

Na wachezaji wa maigizo, we acha tu. Hao wanakuja kwenye vibanda vya vitabu kama kunguru kwenye shamba la mbegu. Wanasimama, wanasoma hadithi ya Kitaliano bila kununua, wiki tatu baadaye hadithi iko jukwaani. Ulivuma mchezo mmoja wa mtawala wa Kitaliano aliyemwekea kaka yake sumu ndani ya glavu. Hadithi hiyo ilitoka kwenye kitabu cha nne cha Mwalimu. Akaenda kuuona, akasimama uwanjani na watu wa kusimama, mvua inamdondokea kwenye kofia. Mchezaji akaja mbele akasema sentensi ya Mwalimu nzima, neno kwa neno, na ule uwanja wote ukanyamaza. Muuza machungwa aliyekuwa karibu yake akajifuta machozi na aproni. Mwalimu aliporudi, Sibyl akamuuliza mchezo ulikuwaje. Akasema miguu inauma.

Kitabu cha kumi kilimla miaka mitatu. Hadithi mia moja za Waitaliano, watawala, wajane, wenye benki na makardinali, kila mtu anamdanganya mwenzake kwa ufasaha mkubwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu katika hadithi ya arobaini. Siku moja mchana, nikiwa nashona, nikawasikia juu.

"Hiki nataka kitoke na jina langu," alisema Mwalimu.

"Jina lako si unalo? Nakuita kila siku."

"Kwenye karatasi, Sibyl."

"Karatasi gani tena? Zimejaa mpaka chini ya kitanda, natandika juu ya wajane wa Kitaliano."

"Ukurasa wa mbele. Mara moja tu. Jicho la kulia nalo limeanza. Nataka nilione jina kabla halijaondoka na jicho."

Nikasikia pasi inawekwa chini.

"Basi kamwambie mchapaji."

"Mtu hasemi jambo kama hilo."

"Kwa nini hasemi?"

"Hasemi tu. Linaeleweka."

Hapo ndipo mguu ulipoteleza, ila siku ile hata mimi sikuona kitu. Mchapaji yeyote mjini angeelewa. Lakini kitabu kile kilikuwa kwa Barnaby Stroud.

Stroud ni wale watu wa dini kali. Hachezi karata, hacheki Jumapili, na siku nyingine anacheka kwa kuhesabu. Miaka ishirini alikuwa akichapa mahubiri tu. Hadithi za Mwalimu alizikubali kwa sababu mle ndani kila mwenye dhambi anakufa vibaya, akaona ni mahubiri yaleyale ila yamevaa nguo nzuri. Mtu mwema, simsemi vibaya. Akikuahidi karatasi Jumanne, Jumanne karatasi iko mlangoni. Ila ukimwambia Stroud umeshiba, anashukuru Mungu kwa ajili yako na anaondoa meza.

Kwa wasiojua kazi yetu: kitabu hakichapwi kuanzia mbele. Hadithi zinachapwa kwanza, karatasi baada ya karatasi, na ile karatasi ya kwanza, yenye ukurasa wa jina na dibaji, inachapwa mwisho kabisa. Kwa hiyo mwandishi anaandika dibaji wakati ameshachoka kama punda wa maji. Mwalimu aliiandika yake kwa wiki tatu. Mistari tisa. Hadithi nzima ya kardinali na mwashi alikuwa anaimaliza kwa siku mbili, lakini mistari tisa ya kujitukana, wiki tatu. Tulimsikia akitembea juu, anasema neno, analifuta, anarudi dirishani.

"Anataga," Sibyl aliniambia kwenye ngazi. "Usipige kelele, tutapata yai bovu."

Hakumsomea mtu yeyote. Aliipeleka mwenyewe kwa Stroud, imekunjwa kifuani chini ya koti.

Jumanne, mvua ya Machi inanyesha, karatasi ya mwisho ikanifikia, rundo zima. Nikachukua ya juu nikunje. Ukurasa wa mbele: Bustani ya Maonyo, hadithi mia moja kutoka Kitaliano, sasa kwa mara ya kwanza katika Kiingereza. Chini yake, mahali jina linapokaa, palikuwa na ua. Lile ua la kuchongwa kwenye kibao ambalo Stroud hulichapa kwenye mahubiri ya mazishi.

Nikachukua karatasi ya pili, nikidhani labda ile ya juu ndiyo mbovu. Ua. Ya tatu, ua. Nikageuza kwenye dibaji nikasoma, na ilianza hivi: Msomaji mpole, ukiona nyumba hii ndogo imeegemea upande, usimlaumu Mwitaliano aliyetoa mawe mazuri, mlaumu fundi mzee aliyeyabeba kwa mgongo mbovu na kuyapanga kwa macho mabovu zaidi. Nikaendelea. Kufika mstari wa tano nikaweka sindano chini. Nikapanda ngazi na karatasi mkononi.

Sibyl alikuwa na wanga mpaka viwiko.

"Mama, Mwalimu yuko wapi?"

"Kaenda kwa Stroud kuangalia nguzo. Stroud kasema leo anabandika kurasa za mbele barabarani watu wazione. Amevaa hadi kola safi, mjinga wangu. Una nini?"

"Jina halimo."

"Halimo wapi?"

"Kote. Kuna ua."

Akaitazama karatasi, yeye asiyejua kusoma, akalitazama lile ua muda mrefu kuliko mimi nilivyolitazama. Kisha akajifuta mikono kwenye sketi, tukatoka hivyohivyo bila kofia.

Tulimkuta Mwalimu mbele ya nguzo, uwanja wa kanisa, uso karibu na karatasi kama anayenusa. Alikuwa amefumba jicho la kushoto ili la kulia lifanye kazi. Maji yalikuwa yanashuka kwenye kola yake.

"Thomasin," alisema bila kugeuka, "nisomee hapa chini. Mimi naona ua."

"Ni ua, Mwalimu."

"Mm."

Akasimama pale kidogo. Kisha akaenda kwenye kibanda cha Stroud, hatua tano tu, lakini alizitembea kama mtu anayepanda kilima na gunia, na sisi nyuma.

Stroud alipomwona, uso wake ulifunguka. Alitoka nyuma ya meza akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, nimekutimizia kama ulivyoomba. Miaka ishirini nawachapa watumishi wa Mungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba nifiche jina lake. Wananiomba nilikuze. Niliposoma maneno yako nilimwita mke wangu aje asikie. Nikamwambia, huyu anafasiri uchafu wa Waitaliano, na ana moyo kuliko askofu."

"Bwana Stroud," alisema Mwalimu, "yale niliyoandika. Ni namna ya kuandika."

"Namna gani?"

"Desturi. Mtu huwa anasema hivyo."

"Anasema asichomaanisha?"

"Anasema kwa adabu."

Stroud akamwachia mikono. Hakukasirika, na nafuu angekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeuziwa samaki akafika nyumbani akasikia harufu.

"Kwa hiyo uliposema hustahili, ulimaanisha unastahili."

Mwalimu akafungua mdomo. Mtu huyu ana maneno ya lugha nne kichwani, na nakwambia hakutoka na hata moja. Ametumia miaka arobaini kujifunza njia elfu za kusema mimi si kitu. Njia ya kusema nataka, hakuna aliyemfundisha.

"Ndivyo alivyomaanisha," Sibyl akaingilia. "Hata paka anaelewa. Weka jina la mume wangu, baba, mvua inatunyeshea."

"Mama, sikuulizi wewe."

"Mimi najibu tu, sikutozi kitu."

Wateja wawili wakageuka kutusikiliza. Stroud akashusha sauti.

"Mwalimu, imeandikwa, ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo yenu siyo. Jina nitaliweka, sina kinyongo. Ni jani moja, nalikata, nabandika jingine, hasara yangu. Lakini dibaji inatoka. Siwezi kuuza kitabu kinachosema nifiche, huku jina liko mlangoni linaita wateja. Kimoja kinamsuta mwenzake. Chagua unachotaka, jina au dibaji, na ukichagua nakitimiza leo hii."

"Jina," alisema Sibyl.

"Ngoja kidogo," alisema Mwalimu.

"Nini cha kungoja? Miaka mitatu umeharibu macho kwa ajili ya hilo hilo jina."

Sasa wale wateja wawili walikuwa vijana wa chuo cha sheria, koti fupi, ndevu zinazojaribu kuota. Hawakujua tunagombana nini. Mmoja alikuwa amechukua karatasi ya mbele pale mezani, akaifungua kwenye dibaji, akaanza kumsomea mwenzake, mdomo umepinda tayari kwa kucheka, maana hizi dibaji za kujitukana ndiyo mchezo wao.

"Sikiliza huyu naye. Ambaye, kwa kuwa hakuna mlango humu unaostahili kuandikwa jina lake, anamsihi mchapaji, kama kuna mapenzi kati yao, alifiche kama maskini anavyoficha kiraka kwa kuweka mkono juu yake." Mdomo ukanyooka.

"Rudia ya kiraka," alisema mwenzake.

Akarudia. Polepole sasa, kama mtu anayeonja.

"Nani huyu?"

"Hakuna jina. Kweli kalificha, kumbe hatanii. Mtu mkubwa huyo, nakwambia. Mtu wa kawaida akiandika hivi hawezi kunyamaza."

Mwalimu alikuwa amesimama mkono mmoja kwenye meza. Hakuwaangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wao, kama tunavyomwona akisikiliza ngazi kujua nani anapanda.

Nikaelewa kabla ya Sibyl, kwa sababu mimi nilikuwa nimeishika karatasi ile. Kitabu kile kina majani zaidi ya mia tatu. Kila hadithi ni ya Mwitaliano, naye aliichukua kwa mwingine, na huyo kwa Mrumi, na Mrumi kwa Mgiriki, kila mmoja amembeba mwenzake mgongoni tangu zamani. Jina la Mwalimu lingekaa mbele ya maneno ya watu hao wote. Mle ndani kulikuwa na mistari tisa tu ambayo hakuifasiri kutoka kwa mtu. Kiingereza kitupu, kisichorudishwa Kilatini.

"Iache," alisema.

"Ambrose," alisema Sibyl.

"Iache dibaji, Bwana Stroud. Usibadilishe jani."

Stroud akamtazama usoni, akitafuta kitu.

"Kwa hiyo ulimaanisha."

"Sasa namaanisha."

Wale vijana wakanunua kitabu kikiwa karatasi tu, bado hakijashonwa. Walituomba tusogee kidogo, tulikuwa tumewazibia mlango.

Njiani tulipita muuza samaki wa kukaushwa, Sibyl akachukua watatu bila kubishana bei, na ukimjua Sibyl hilo peke yake ni adhabu. Mwalimu alitembea katikati yetu, anashika ukuta kila penye ngazi. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema hajui, amechoka mno kujuta, labda kesho kutwa.

Juu kwao kulikuwa bado na mwanga dirishani. Mwalimu akakaa kwenye benchi la karibu na moto, akavuta buti moja ikakataa, akaiacha. Sibyl akarudi kwenye kola zake. Akapiga moja, akapiga ya pili. Akachukua ya tatu, kisha akaiweka chini.

"Thomasin, ile karatasi bado unayo?"

"Ninayo, mama."

"Soma. Nataka nijue nimepewa nini badala ya jina."

Nikasogea dirishani nikaanza. Msomaji mpole, ukiona nyumba hii ndogo imeegemea upande.

"Imeegemea kweli," alisema Sibyl, akiangalia ukuta wetu.

Nikasoma ya mawe na Mwitaliano.

"Mgongo mbovu, hapo kasema ukweli. Endelea."

Nikafika kwenye kiraka.

"Kiraka nilikishona mimi."

"Mama, ni mfano tu."

"Najua ni mfano. Uko kwenye koti lake la bluu, mfano wenyewe, chini ya kwapa. Endelea."

Nikageuka kumwangalia Mwalimu kama anatusikia. Alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi, jicho la kushoto halijafumba vizuri kama kawaida yake siku hizi. Nikashusha karatasi.

"Kalala. Tungoje aamke?"

"Yeye anajua inaishiaje. Mimi ndiye sijui."

Nikasoma mistari iliyobaki kwa sauti ya chini: ili atakayeingia aione nyumba na asimwone fundi, akae humo mvua ikinyesha nje, na akitoka bila kugonga kichwa mlangoni, hayo yatatosha kuwa ujira wangu.

Pasi ya Sibyl ilikuwa imepoa. Akairudisha motoni.

"Mistari tisa," alisema, "na mke simo."

Kisha akapiga magoti mbele ya benchi, akaishika ile buti iliyokataa kwa mikono miwili, akaivuta taratibu asimwamshe, akaiweka karibu na moto ikauke.